MJUSI WA NDEVU HANA KOSA, KOSA NI LETU



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, wanaotembea kwa miguu miwili, wanaotembea kwa minne na wanaotambaa kwa matumbo yao. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, maswahaba zake na kila mwenye kuifuata njia yao kwa wema hadi siku ya Kiyama.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, wazazi wenzetu na wanafunzi wetu wapenzi, leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya mjusi. Tunajua wapo watakaocheka. Tunawaomba wasome mpaka mwisho, kisha wacheke kama bado watakuwa na hamu ya kucheka.

ILIVYOKUWA

Sisi tunaofundisha madrasa hapa Buyenzi, Bujumbura, tuna darasa la kila Jumamosi jioni la watoto wetu walioko ng'ambo. Wengi wao ni watoto wa familia zilizoishi miaka mingi katika kambi za wakimbizi Tanzania kabla ya kupelekwa Marekani na Canada. Kiswahili wanakisikia vizuri, Kirundi kidogo, na wazazi wao hawataki dini iwapotee. Basi tunasoma nao kwa njia ya simu: Qur'ani kwanza, kisha fiqhi, kisha tunamaliza kwa hadithi moja.

Msimu wa baridi uliopita tulipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa mwanafunzi wetu mmoja, mtoto wa miaka kumi na miwili, anayeishi katika mji ambao wakati huo ulikuwa umefunikwa na theluji. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia, akanyamaza, kisha akajikaza. Alisema: "Ustadh, mjusi wangu amekufa. Baba alisema ni mjusi kafiri, akaniambia nimtoe nje. Asubuhi nikamkuta amekauka kama kijiti. Nataka kujua tu, nimeandikiwa zile thawabu mia au nimeandikiwa dhambi?"

Ndugu zetu, tulikaa na swali hilo siku tatu bila kulijibu. Kwa sababu habari ya thawabu mia mtoto yule hakuitoa kwa rafiki zake wa shule, wala kwenye televisheni. Aliitoa kwetu. Jumamosi iliyotangulia sisi ndio tulioisoma hadithi ya kumuua mjusi wa ukutani, tukaieleza kwa dakika tano, tukafunga kitabu tukaomba dua. Baba yake alikuwa sebuleni, simu iko mezani, anasikiliza. Usiku ule akaona ametimiza Sunna.

Kwa hiyo lawama za makala hii zinaanzia kwetu wenyewe.

HUYU MJUSI NI NANI?

Kwanza tumjue aliyekufa. Mnyama huyu Waingereza wanamwita joka lenye ndevu, ingawa si joka na wala hana ndevu. Ni mjusi wa rangi ya mchanga, mwenye miiba laini shingoni. Akitishwa huvimbisha koo lake na koo hilo hugeuka jeusi, ikawa kama mzee amefuga ndevu. Sisi tutamwita mjusi wa ndevu. Aliyekamilika, pamoja na mkia wake, hufika sentimita 45 hadi 60. Ni mpole, huzoea mkono wa mtu. Wakati mwingine hunyanyua mkono mmoja na kuuzungusha taratibu kama anayesalimia, na hiyo ndiyo namna yake ya kumwambia aliye mkubwa kuliko yeye kwamba hataki ugomvi.

Asili yake ni nchi kavu za ndani ya Australia. Serikali ya Australia hairuhusu wanyama wake wa porini wa namna hii kusafirishwa nje kwa biashara, hivyo wale wanaouzwa katika maduka ya Marekani na Ulaya ni wa vizazi vilivyozaliwa katika mikono ya wafugaji. Zingatieni jambo hili. Mnyama huyu hana kwao pa kurudi. Ukimfungulia mlango umwambie nenda zako, haendi popote. Hajawahi kuiona Australia, na theluji haikuumbwa kwa ajili yake. Mwili wake hautengenezi joto kama miili yetu, huchukua joto kutoka nje. Nje pakiwa barafu, naye ni barafu.

Yule wa mwanafunzi wetu aliachiwa na rafiki yake wa darasani ambaye familia yake ilihama. Mtoto alikuwa na daftari. Kila siku aliandika joto la upande wa moto, joto la upande wa baridi, alichokula na kama amejisaidia. Baada ya msiba ule alitupigia picha kurasa chache akatutumia. Mwandiko wake wa Kiarabu darasani ni wa ovyo, lakini daftari la mjusi limenyooka kwa rula. Tulilitazama tukajiambia: huyu mtoto alikuwa akitekeleza amana, na sisi ndio tuliomvunjia.

HADITHI TULIYOIFUNDISHA NUSU

Tusije tukaeleweka vibaya. Hadithi ile ipo. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Ummu Sharik kwamba Mtume (S.A.W.) aliamrisha kuuawa kwa wazagh, na kwamba mnyama huyo alikuwa akiupuliza moto aliotupwa Nabii Ibrahim (A.S.). Na Muslim amepokea habari za thawabu za mwenye kumuua kwa pigo la kwanza, na kwamba atakayehitaji pigo la pili hupata pungufu ya hizo. Hatuna ruhusa ya kuifuta hadithi kwa kuwa mtoto amelia. Tunachotakiwa ni kuisoma yote, na kumjua anayezungumziwa.

Wazagh ni mjusi mdogo wa kutani, yule anayetembea dari kichwa chini. Wazee wetu wa pwani walipoisikia hadithi hiyo wakampa jina, wakamwita mjusi kafiri. Jina likaenea bara mpaka kwetu, na likavuka mpaka. Kidogo kidogo kila chenye mkia na miguu minne kikawa kafiri. Mjusi wa mtini, kafiri. Kinyonga, kafiri na mchawi juu yake. Tazameni watoto wa mitaani kwetu wanapomwona kinyonga anavuka njia: mawe. Ukiwauliza mmetumwa na nani, watakujibu kwamba ni mambo ya dini. Dini gani?

Sasa sikilizeni jambo ambalo Jumamosi ile hatukulisema. Katika vitabu vyetu yumo mjusi mwingine, anaitwa dhabb. Baadhi ya tafsiri za Kiswahili humwita kenge, na hilo si sawa. Kenge ni mla nyama na mizoga, ilhali dhabb ni mjusi wa jangwani, mnene, mwenye mkia wa miiba, na chakula chake kikubwa ni majani. Ibn Abbas amesimulia kwamba dhabb aliyechomwa aliletwa mbele ya Mtume (S.A.W.) nyumbani kwa Bibi Maimuna. Mtume aliondoa mkono wake. Khalid bin Walid akamuuliza kama ni haramu, akajibiwa kwamba sivyo, ila mnyama huyo hapatikani katika nchi ya watu wake, basi nafsi yake haikumpenda. Khalid akamvuta akamla, na Mtume anatazama. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wakasema dhabb ni halali.

Na wataalamu wa wanyama, wakipanga koo za mijusi, mjusi wa ndevu wa Australia hawamweki pamoja na mjusi wa kutani. Wanamweka katika ukoo mmoja na dhabb, ukoo unaoitwa Agamidae. Hatusemi sasa mkamle. Tunasema kwamba kama mtu anatafuta jamaa wa karibu wa mnyama yule ndani ya hadithi za Mtume, amtafute katika sahani ya Khalid, asimtafute katika moto wa Nabii Ibrahim.

Lakini hebu tuseme tumekosea sote, na mjusi yule kweli alikuwa wazagh. Je, alichofanyiwa ni Sunna? Hadithi yenyewe imeweka thawabu kubwa katika pigo la kwanza. Ni wapi palipoandikwa thawabu za kumweka kiumbe ndani ya katoni, kibarazani, usiku kucha, akaganda kidogo kidogo hadi alfajiri? Mtume huyo huyo (S.A.W.) ametufundisha kwamba hata anayechinja anoe kisu chake na ampumzishe anayemchinja. Kama aliye halali kuuawa amewekewa adabu ya kuuawa kwake, vipi asiye na kosa?

Hii ndiyo nusu tuliyoiacha mezani. Mwalimu anayefundisha nusu ya hadithi ni kama mpishi anayetoa wali mbichi: watakaoumwa tumbo ni wageni, yeye yuko jikoni hana habari.

KUNDI LA PILI: WANAOCHEKA

Habari ile ilipoenea katika darasa letu, baba mmoja wa mji mwingine alitupigia simu. Alikuwa akicheka. "Ustadh," alisema, "hao ndugu zetu bado wana ushamba. Sisi hapa binti yetu tulimnunulia mjusi huyo huyo zawadi ya Idi, dukani, na sanduku lake la kioo kabisa. Dini haikatazi."

Tukamuuliza: "Na huyo wa kwenu hali yake?"

Akasema: "Yupo tu. Halii, hasumbui."

Tukamwomba amwonyeshe kwenye simu. Ndugu zetu, tulimwona mnyama ambaye miguu yake ya mbele imepinda kama ya mtoto mwenye matege. Taya lake la chini limelegea. Anaburura tumbo. Juu ya sanduku ipo balbu ya kawaida ya sebuleni, ndani lipo jani la saladi lililonyauka. Ana miezi kumi nyumbani mwao, na katika miezi kumi yote ile hakuna aliyemsikia akilalamika, kwa sababu Allah hakumpa sauti ya kulalamikia.

Ndugu msomaji, yupi kati ya baba hawa wawili ni mwenye huruma? Wa kwanza alimuua mjusi kwa usiku mmoja akidhani anafanya ibada. Wa pili anamuua kwa miezi kumi, kila siku kidogo, akidhani ameendelea. Wa kwanza alipojua alijuta. Wa pili bado alikuwa anacheka. Sisi tunasema wazi, na atakayekasirika akasirike: ushamba wa yule wa kwanza ni mwepesi kuliko ustaarabu wa huyu wa pili.

Kuna Mwislamu asiyeijua hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka? Mimbarini tunaisoma kila mwaka. Hakumpiga yule paka, wala hakumtupa kisimani. Alimfunga tu, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Kosa lake ni kufunga bila kutunza. Sasa badilisha paka weka mjusi, badilisha kamba weka sanduku la kioo, kisha jiulize hadithi hiyo inamhusu nani leo.

Na dini yetu haikukataza mtoto kuwa na mnyama. Ndugu yake Anas, mtoto mdogo aliyeitwa Abu Umayr, alikuwa na kindege chake, na kilipokufa Mtume (S.A.W.) alimwendea akamuuliza habari zake kwa upole. Wanazuoni wamechukua kutoka hapo kwamba inafaa kumweka ndege kizimbani kwa sharti la kumlisha na kutomtesa. Katika fiqhi ya Shafi mwenye mnyama analazimika kumpa chakula na maji, na akikataa mtawala humlazimisha amlishe au amuuze. Hilo ni hukumu ya sheria, halikuachwa kwenye hisani ya mtu.

MAMBO ANAYOYADAI KWAKO

Baada ya msiba ule tulisoma na tukauliza wajuzi. Tunayaweka hapa ili asiwepo wa kusema hakujua.

1. Joto. Sanduku lake liwe na pande mbili. Upande mmoja uwe na sehemu ya kuota, kama nyuzi 40 za Sentigredi, na upande wa pili uwe wa kupumzikia, kama nyuzi 25. Yeye hutoka huku kwenda kule kadiri mwili unavyotaka. Kipimajoto kiwe kila upande. Kukisia kwa mkono hakutoshi.

2. Taa ya mionzi ya UVB. Hapa ndipo wengi wanapoangamiza. Ngozi ya mjusi huyu inahitaji mionzi hiyo ili kutengeneza vitamini D, na bila vitamini D mwili haupokei kalsiamu ya chakula. Ndiyo yale matege tuliyoyaona. Balbu ya kawaida haina mionzi hiyo. Kumweka dirishani hakusaidii, kwa sababu kioo huizuia. Na taa yenyewe huchoka: huendelea kuwaka mbele ya macho yetu hali mionzi imekwisha, hivyo hubadilishwa kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili kulingana na aina yake.

3. Chakula. Akiwa mdogo hula zaidi wadudu, kama nyenje. Akikua, sehemu kubwa iwe majani na mboga. Wadudu hupakwa unga wa kalsiamu, na asipewe mdudu mkubwa kuliko nafasi iliyo kati ya macho yake mawili. Parachichi ni sumu kwake. Kimulimuli, mdudu yule anayewaka usiku, mmoja tu anatosha kumuua.

4. Nafasi. Mkubwa anahitaji sanduku la urefu wa kama sentimita 120, na akae peke yake. Msimwekee mwenzake kwa kumwonea huruma. Madume wawili watapigana mpaka wakatane vidole.

5. Daktari. Si kila daktari wa mifugo anajua mijusi. Mtafuteni kabla hamjamleta mnyama nyumbani, na muulize malipo yake.

6. Usafi. Katika madhehebu yetu mnyama huyu akiwa hai ni tohara, ila kinyesi chake ni najisi, basi asitembezwe kwenye msala. Afya nayo inasema neno lake. Mijusi hawa hubeba bakteria wa salmonela bila wao kuumwa. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kilitoa matangazo ya watu walioambukizwa kutokana nao mwaka 2014 na tena mwaka 2024. Mikono ioshwe kwa sabuni kila anaposhikwa, vyombo vyake visioshwe jikoni, na nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano isimchukue kabisa.

7. Umri. Huishi miaka kumi, na wengine zaidi. Mtoto unayemnunulia akiwa na miaka tisa, mjusi huyu atakuwa bado anaomba chakula siku mtoto anapokwenda chuo kikuu. Je, utamlisha wewe?

Mzazi, yasome mambo hayo saba, kisha tazama mfuko wako na saa zako. Usipoyaweza, usinunue. Na hata ukiyaweza, wanazuoni wana maneno juu ya kuuza na kununua vitambaavyo visivyo na manufaa, basi muulize mwanachuoni wako kwanza. Wala usiseme umefanya kwa mapenzi ya mtoto, kwani mtoto anaweza kufundishwa kupenda mnyama bila ya kummiliki. Mpeleke akamtazame. Na kwetu huku tulioko Bujumbura, Kigali na Kampala, sanduku la kioo la nini? Kinyonga yuko kwenye ua. Mjusi wa kutani mwenyewe anakula mbu wetu usiku. Mfundishe mwanao kusimama, kutazama, na kuliweka jiwe chini.

WANAOSEMA "WATU WANAKUFA NJAA"

Tunajua jibu linalokuja. "Ustadh, Kongo watu wanakufa. Hapa kwetu mchele haukamatiki. Nyie mnaandika habari za mijusi?"

Tunawajibu hivi. Kwanza, katika fedha tuko pamoja nanyi. Baba anayenunua mjusi, sanduku, taa na daktari hali mama yake mzazi yuko Buyenzi hajatumiwa kitu tangu Ramadhani, huyo hana udhuru, na mjusi wake si mapenzi ya wanyama, ni israfu. Ndiyo maana tumesema usinunue.

Lakini kuhusu huruma, hapana. Huruma si gunia la mchele kwamba ukimpimia mjusi kibaba basi kibaba hicho kimepungua kwa mkimbizi. Sisi tumezaliwa katika nchi hii, na tuna umri wa kukumbuka. Tumewaona watu wakipewa jina kwanza, wakaitwa wadudu, wakaitwa nyoka, na baada ya jina kushika, kilichofuata hakikumshtua aliyekifanya. Majirani zetu wa Rwanda mwaka 1994 waliitwa mende redioni kabla ya kuuawa. Hatufananishi mtu na mjusi, Allah atuepushe. Tunasema kwamba mtoto anayefundishwa kuwa jina baya linatosha kuhalalisha mauti amefundishwa jambo kubwa kuliko mjusi. Na mtoto anayefundishwa kuuliza "amefanya kosa gani?" kabla ya kuokota jiwe, naye amefundishwa jambo kubwa.

Mtume (S.A.W.) alimwona ngamia aliyekonda akawaonya watu wamche Allah katika wanyama hawa wasiosema. Neno zito ni hilo: wasiosema. Anayesema atakudai mwenyewe. Asiyesema, Allah ndiye atakayekudai kwa niaba yake.

TULICHOMJIBU MTOTO

Siku ya nne tulimpigia. Tulimwomba baba yake naye akae karibu.

Tulimwambia mtoto: hukuandikiwa thawabu mia, wala hatuoni kwamba umeandikiwa dhambi. Wewe ulimtii baba, na baba alitusikiliza sisi, na sisi tulisema maneno pungufu. Kama ipo dhambi ya kuombewa msamaha basi ianze kwa mwalimu. Tukamwambia kwamba zile kurasa za daftari, joto la upande huu na joto la upande ule, tunataraji Allah amezipokea, kwani imethibiti kwamba katika kila chenye ini bichi mna ujira. Tukamwambia tumekosa, atusamehe.

Simu ilikuwa kimya kidogo. Kisha tukamsikia baba, mtu mzima mwenye ndevu zake, akisema kwa Kiswahili cha kambini: "Na mimi unisamehe, mwanangu. Nilidhani nakuokoa."

Kabla ya kuandika haya tulimwomba ruhusa. Alisema: "Andikeni, wengine wasifanye kama mimi. Jina langu tu msiliweke." Hatukuliweka. Na yule baba wa pili, tumempelekea mambo yale saba. Alikaa wiki nzima bila kujibu, halafu akatuma picha: taa mpya, kipimajoto, na karatasi ya daktari. Miguu iliyopinda hainyooki tena, lakini daktari amesema mnyama ataishi. Binti ameanza daftari.

Wito wetu basi ni huu. Walimu wenzetu wa madrasa, msifundishe hadithi ya wazagh bila ya kumtaja dhabb, paka na kindege cha Abu Umayr. Wazazi, msitoe hukumu ya mauti kwa hadithi mliyoisikia upande wa sebule, ulizeni kwanza. Na enyi wanafunzi, mkisikia tumefundisha jambo nusu, inueni mikono mtuulize iko wapi nusu ya pili. Hiyo si utovu wa adabu.

Tunamwomba Allah (S.W.) atusamehe tuliyoyasema pungufu, azilainishe nyoyo zetu kwa kila alichokiumba, na awafanye watoto wetu wawe bora kuliko sisi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.